Jenereta na Spika: Kugawanyika kwa Bendi za Wanyika, 1971–2000

Nyumbani kwetu Masafu, mtu akitoweka siku tatu bila kuaga kisha akarudi na kilo mbili za sukari, mama humpokea kwa neno moja: "Sigalame!" Nilikua nikidhani ni jina la jirani wa zamani. Nilikuwa nimeshaingia kidato cha tatu nilipojua kwamba Sigalame ni mtu wa wimbo, na kwamba aliyemwimba ni Issa Juma, Mtanzania aliyefanya kazi Nairobi. Katika wimbo huo Sigalame ametoweka, na uvumi unasema yuko upande wa Bungoma na Busia akifanya biashara isiyotajwa ni biashara gani. Busia ndiyo wilaya yetu. Kabla sijasoma historia ya muziki wa Afrika Mashariki, muziki huo ulikuwa umeshatutaja.

Nina sababu nyingine ya kuandika makala haya. Baba yangu na mdogo wake, ambaye mimi humwita baba mdogo, walikuwa na biashara ya muziki wa kukodi. Walikuwa na jenereta moja, amplifaya moja, spika mbili kubwa na sanduku la kanda. Walipiga muziki katika harusi na katika disko matanga, kuanzia Masafu hadi Lumino, na mara nyingine upande wa Kenya. Baba alijua jenereta. Ilipozimika usiku wa manane, yeye ndiye aliyeifungua na kuiwasha tena. Baba mdogo alijua nyaya, spika na nyimbo, yaani wimbo upi upigwe saa ngapi ili watu wasiketi. Mwaka 2011 waligombana kuhusu fedha za harusi moja. Wakagawana: baba akachukua jenereta, baba mdogo akachukua spika na amplifaya. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyepiga muziki tena. Jenereta bila spika ni kelele tu, na spika bila jenereta ni kabati.

Wimbo uliokuwa ukipigwa sana kwetu wakati huo ulikuwa "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliamini kwamba umeimbwa kwa ajili yao, kwa kuwa kila mmoja alisema yeye hana makosa. Baadaye nikajifunza kwamba ni wimbo wa mapenzi ya watu wawili ambao kila mmoja ana mwenzake nyumbani. Pia nikajifunza jambo ambalo ndilo limenileta hapa: Les Wanyika wenyewe walizaliwa kutokana na bendi iliyogawanyika. Swali langu ni hili. Kwa nini Wanyika walipogawanyika walizidi kustawi, na wazee wangu walipogawanyika walikwisha siku hiyo hiyo? Na kama kugawanyika hakukuwaua Wanyika, ni nini kilichowaua?

Tuanze Tanga. Katika miaka ya 1960 mji huo wa bandari na mkonge ulikuwa na bendi zenye sifa kubwa, zikiwemo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Wote wawili waliimba na kupiga gitaa. Mwaka 1970 walihamia Arusha, ambako ndugu yao mwingine, William, alijiunga nao katika Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuingia Kenya, na Nairobi wakaanzisha bendi waliyoiita Simba Wanyika.

Kwa nini Nairobi? Msomaji asidhani walikimbia nchi isiyopenda muziki. Tanzania ya wakati huo iliupenda muziki kuliko jirani zake wengi. Bendi zilimilikiwa na mashirika ya umma, na Radio Tanzania ilizirekodi na kuzitangaza. Lakini wimbo ulibaki kwenye utepe wa redio, kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Viwanda vilikuwa Nairobi, pamoja na studio, kampuni za kurekodi, na vilabu vya usiku vilivyohitaji bendi za kupiga. Mwanamuziki aliyetaka santuri yenye jina lake iuzwe dukani alielekea Nairobi. Huko aliwakuta Wakongo, Wazambia, Waganda na Wakenya wenyewe. Watunzi wa Tanzania walikuwa na mali moja ambayo soko hilo liliithamini: Kiswahili chao. Mkongo aliyetaka kuuza Nairobi ilibidi ajifunze Kiswahili, lakini ndugu kutoka Tanga walikuja nacho mdomoni.

Tulitazame pia jina lenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Nyika ni pori, nchi kavu ya ndani, mbali na mji na mwambao. Wanyika ni watu wa huko, na watu wa pwani walilitumia neno hilo zamani kwa dharau kidogo. Watu waliotoka Tanga, mji wa pwani, kujiita simba wa nyika katikati ya Nairobi ni kuligeuza neno la dharau kuwa la fahari. Bendi iliyozaliwa baadaye ikaongeza "Les," neno la Kifaransa, kwa mtindo wa bendi za Kongo zilizokuwa zikitamba wakati ule. Kwa hiyo jina Les Wanyika ni ramani fupi ya soko la Nairobi: maneno mawili, lugha mbili, na waliojiita hivyo ni Watanzania.

Sasa tufike mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Vitabu vya shule hutaja mashirika ya ndege na reli yaliyogawanywa, lakini havitaji wanamuziki. Simba Wanyika walikuwa Watanzania wengi wao, wakifanya kazi katika nchi ambayo mpaka wake na kwao umefungwa. Novemba 1978, mwaka mmoja na miezi tisa baada ya mpaka kufungwa, bendi ikapasuka. Mpiga gitaa la rithimu, Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, aliondoka na wenzake kadhaa, akiwemo mpiga besi Tommy Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma. Sisemi kwamba mpaka ndio uliowagombanisha. Ila katika jamii zetu ugomvi wa ndugu hupelekwa kwa wazee, na ikiwa mpaka umefungwa, wazee wako ng'ambo. Tafsiri yangu ni kwamba ugomvi uliotokea mbali na nyumbani, bila njia rahisi ya kurudi, ulikuwa mgumu zaidi kusuluhishwa.

Walioondoka hawakuwa na mwimbaji. Mbali na uimbaji, Wilson na George walibaki na jina na nyimbo zote. Kwa kipimo cha Masafu, hawa walikuwa wamechukua spika wakaacha jenereta. Lakini tazama walichofanya. Nairobi ile ile ilikuwa na Mtanzania mwingine, John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa aliyekuwa akipiga na kundi la Kikongo, Bwambe Bwambe. Wakamchukua. Wakampata pia Issa Juma, mwenye sauti nzito ya kukwaruza kidogo. Walifanya mazoezi kwa takriban miezi sita kabla ya kujitokeza mbele ya watu katika klabu ya Garden Square. Kisha wakatoa "Sina Makosa," na wimbo huo ukawa mkubwa kuliko walivyotarajia wao wenyewe au bendi waliyoiacha. Mpaka leo hakuna harusi ya watu wazima, iwe Kisumu, Tanga au Masafu, inayoshangaa kuusikia. Rithimu ya Shabani na besi ya Malanga ndizo zinazoubeba. Mpigo wake ni rahisi na hauna haraka, na maneno yanasikika moja moja. Mtu asiyejua Kiswahili huanza kuelewa kabla wimbo haujaisha.

Upande wa pili nao haukufa. Simba Wanyika walitafuta wapigaji wapya wakaendelea kurekodi. Mwaka 1980 George naye akaondoka na kuunda Orchestra Jobiso, kisha akarudi kwa kaka yake. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo Issa Juma aliwaacha Les Wanyika na kuunda kundi lake, Super Wanyika Stars, lililowahi pia kuitwa Wanyika Super Les. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu au minne bendi moja ilikuwa imezaa tatu au nne, zote zikigombea neno moja, Wanyika. Wanunuzi wa santuri walichanganyikiwa, lakini walinunua.

Hapo ndipo Sigalame alipozaliwa. Wimbo wa Issa Juma ulieleweka upesi kwa sababu watu walijua nini kilikuwa kikiendelea upande wetu. Chini ya Idi Amin uchumi wa Uganda uliporomoka, na watu wa mpakani waliishi kwa magendo. Kahawa ya Uganda ilivuka kwenda Kenya, na soko la Chepkube upande wa Bungoma likawa mashuhuri katikati ya miaka ya 1970. Sabuni, chumvi na sukari zikarudi upande wa Uganda. Hata neno bodaboda lilizaliwa Busia, kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo vya mpaka. Issa Juma hakuhitaji kueleza Sigalame anauza nini. Kila msikilizaji alijaza mwenyewe. Kwetu Masafu waliojaza walikuwa na uhakika zaidi, maana baadhi yao ndio walikuwa wakina Sigalame wenyewe.

Nirudi kwenye swali la kwanza. Tumefundishwa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Methali hiyo ikitumiwa kama kipimo cha historia ya Wanyika, inashindwa. Utengano wa 1978 ulileta "Sina Makosa," na utengano uliofuata ukaleta "Sigalame." Naona sababu mbili. Ya kwanza ni mahali. Nairobi ilikuwa soko ambalo kila nusu iliyokatika iliweza kupata nusu nyingine: mwimbaji, studio, klabu, mnunuzi. Ya pili ni kwamba ujuzi ulikuwa umeshagawanywa kabla ya bendi kugawanyika. Shabani, Malanga, Ngereza na Issa Juma hawakuwa wasindikizaji wa Wilson na George. Kila mmoja aliweza kusimama.

Mfano wa mbali utasaidia kupima sababu hizi. Mwaka 1971, mwaka ule ule ndugu wa Tanga walipofika Nairobi, bendi ya roki ya Marekani iitwayo Creedence Clearwater Revival ilikuwa miongoni mwa zilizouza zaidi duniani. Nayo ilikuwa na ndugu wawili, Tom na John Fogerty. Mwanzoni mwa mwaka huo Tom, kaka mkubwa, akaondoka. Mwaka 1972 bendi ikavunjika. Soko la Marekani lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la Nairobi, kwa hiyo mahali hapakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sababu ya pili: karibu nyimbo zote zilizovuma zilitungwa na kuimbwa na John peke yake. Kaka alipoondoka na waliobaki wakashindwa kuelewana, hapakuwa na Shabani wa kuanzisha bendi ya pili yenye uzito ule ule. Creedence ilikuwa na jenereta moja. Ndugu hao hawakupatana kabla Tom hajafariki mwaka 1990. Ugomvi wa John na kampuni iliyomiliki nyimbo zake za zamani ulifika hadi mahakama ya juu kabisa ya Marekani, iliyotoa uamuzi mwaka 1994.

Sasa swali la pili: ni nini kiliwaua Wanyika? Tazama miaka. Mwaka 1992 albamu ya Simba Wanyika, "Pepea," ilitolewa Uholanzi. Ilikuwa heshima kubwa kwa bendi ya ndugu walioanzia Tanga. Mwishoni mwa mwaka huo huo George akafariki. Wilson akafariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaisha. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, na John Ngereza mwaka 2000. Issa Juma alikuwa ameshapata kiharusi kabla ya hapo na hakurudi tena katika nguvu zake. Ndani ya miaka minane, nguzo nne zilianguka. Waliobaki waliendelea kupiga nyimbo zile zile hapa na pale, lakini hakuna bendi mpya yenye jina hilo iliyotoa wimbo wa kusimama karibu na "Sina Makosa."

Linganisha na upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi ya Tanganyika, NUTA, ilianzisha bendi ya NUTA Jazz. Baadaye ikaitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma. Nayo iligawanyika. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa Les Wanyika, Muhidin Maalim Gurumo aliondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra. Lakini bendi mama haikufa, na hata waanzilishi walipofariki mmoja baada ya mwingine, iliendelea kupanda jukwaani. Ilikuwa na kitu ambacho Wanyika hawakuwa nacho: mwenye mali asiyekufa. Vyombo vilikuwa vya jumuiya, na mpigaji alikuwa mwajiriwa. Akiondoka au akifa, nafasi yake ilijazwa. Kwa miongo mingi bendi ilikuwa nyumba, si mtu.

Sitaki kuitukuza njia hiyo kupita kiasi. Bendi ya shirika ilikuwa na bosi, na ni ukosefu wa santuri nchini uliowafanya wakina Kinyonga wavuke mpaka. Uhuru wa Nairobi ndio uliozaa "Sigalame," na sidhani kama shirika la umma lingeulipia wimbo kuhusu mfanya magendo. Lakini uhuru huo haukuwa na akiba. Kila Wanyika ilikuwa ya mtu fulani, na mtu alipokwenda, alikwenda nayo. Ndiyo maana nasema kugawanyika hakukuwaua. Kuliwarefusha. Kilichowaua ni kwamba kati ya matawi yote yale, hakuna hata moja lililopandwa likawa mti usiomtegemea aliyelipanda.

Wahenga husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Maana yake mgeni asiingilie, kwa kuwa ugomvi wa ndugu haudumu. Wa baba na baba mdogo umedumu. Mwaka 2022 bibi yetu alifariki. Alikuwa mzee sana, na wazee wa ukoo wakasema hazikwi kimya. Baba akaleta jenereta, aliyokuwa ameitunza kwa miaka kumi na moja chini ya turubai. Baba mdogo akaleta spika na amplifaya juu ya baiskeli mbili. Hawakusalimiana. Mimi ndiye niliyetumwa kati yao, huku nikiulizwa waya uko wapi, na kule nikiulizwa mafuta yametosha. Saa tatu usiku "Sina Makosa" ikasikika hadi barabarani. Watu waliicheza, na mama akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Usiku huo niligundua jambo lililonifanya nichague somo hili. Kijana wa jirani aliniuliza maana ya neno moja katika wimbo, nami nikamweleza kwa Kiswahili, wala si kwa Lusamia wala Kiingereza. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa Kiswahili. Serikali ya Amin ilikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na bado kwa wengi nchini kilibaki lugha ya askari na ya kutishia watu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini kwetu mpakani kilikuwa kimeshafika zamani, na waliokileta hawakuwa na sare. Walikuwa Watanzania wachache wenye magitaa, waliogombana Nairobi, na sauti zao zikaletwa hadi Masafu katika sanduku la kanda la baba mdogo.

Asubuhi ya siku ya tatu baba alifunga jenereta yake, na baba mdogo akapakia spika zake. Kabla hawajaondoka nilichukua daftari nikaandika ni kifaa gani ni cha nani, kina umri gani, na kinawashwaje. Baba alinieleza kuhusu plagi na mafuta. Baba mdogo alinieleza kuhusu nyaya. Hakuna aliyeuliza kwa nini ninaandika. Daftari hilo ninalo hapa chuoni, na sasa najua kuwasha vyote viwili.